Laki nane za samani za mtoto: zianzie wapi?

*"Shikamoo dada. Nina ujauzito wa wiki 32, mtoto wa kwanza. Tulihamia Dodoma mwaka jana mume wangu alipohamishiwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, tumepanga nyumba ya vyumba viwili Ilazo. Chumba cha pili nataka kiwe cha mtoto. Tumetenga laki nane. Dukani nimeona seti ya kitanda, meza ya kubadilishia nepi, kabati la droo na kiti cha kubembea, lakini bei imetuzidi. Kuna kitanda cha mtumba cha laki na themanini, upande mmoja unashuka, kizuri, na kina mito yake ya kuzungushia pembeni. Fundi mmoja wa Majengo anasema atanitengenezea cha mbao za paini. Mama mkwe, mwenyeji wa Kondoa, anasema mtoto hanunuliwi vitu kabla hajazaliwa, na tena analala na mama yake. Mume ananiambia niamue mimi. Nianze na nini nisije nikajuta?"*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufika wiki 32 salama.

Naona umebanwa na watu watatu kwa mpigo: muuza duka anayekuonyesha seti nzima, fundi anayesubiri advansi, na mama mkwe asiyetaka kitu kiingie ndani kabla ya mtoto. Wewe mwenyewe hofu yako ni moja, kwamba utachagua vibaya na mtoto ndiye aumie. Mimi ni muuguzi wa watoto. Nimeingia kwenye nyumba nyingi za wazazi wapya hapa mjini, na kuna mafundi seremala wanaonifahamu kwa kuwafuata karakana na futi kamba mkononi. Kwa hiyo nitakujibu kote kuwili, kwa mtoto na kwa mbao.

Kwanza, chumba cha pili kiache kilivyo. Kwa angalau miezi 6 ya mwanzo mtoto alale chumbani kwenu, kwenye kitanda chake, upande wako wa kitanda. Ndivyo wanavyoshauri madaktari wa watoto hata huko Marekani na Uingereza, ambako picha za vyumba vya watoto vilivyopambwa zinatoka. Unamsikia akihangaika, unamnyonyesha usiku bila kupapasa gizani, na hatari ya kifo cha ghafla usingizini inapungua mtoto anapolala chumba kimoja na mzazi. Hapo mama mkwe wako yuko karibu na ukweli kuliko lile duka. Kuna jambo moja tu ambalo sikubaliani naye, nitalifikia.

Nasisitiza kitanda kuliko samani nyingine yoyote, na ukishaelewa sababu yake, maswali mengi utayajibu mwenyewe ukiwa dukani. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na shingo haina nguvu. Uso ukiangukia kwenye mto, sponji laini au blanketi lililojikunja, hawezi kujinasua. Hewa anayoitoa inabaki pale pale mbele ya pua, anaivuta tena, na kila pumzi inakuja na oksijeni kidogo kuliko iliyotangulia. Mtu mzima angeshtuka akageuka. Kwa mtoto wa miezi ya mwanzo, ule uwezo wa mwili kujiamsha hewa inapopungua haujakomaa, na wapo wasioamka. Halii, wala hafurukuti kiasi cha kukuamsha wewe. Ndiyo maana tunasema alale chali, juu ya godoro gumu lisilo na mwinuko, na ndani ya kitanda asiwekewe kitu kingine: mto, mdoli, blanketi zito, hakuna. Uingereza walianza kuwahimiza wazazi kulaza watoto chali mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vya ghafla vilishuka kwa karibu nusu au zaidi.

Najua utakaloambiwa na wakubwa: akilala chali atapaliwa na maziwa. Hofu hiyo ni ya kweli na inatokana na upendo, lakini mwili haujapangwa hivyo. Mtoto akilala chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake. Maziwa yakirudi, yanatuama chini, na ili yaingie kwenye njia ya hewa itabidi yapande. Akilala kifudifudi mambo yanageuka, njia ya hewa inakuwa chini na maziwa yanaielekea. Anayecheua sana mweke wima begani kwa muda baada ya kunyonya, kisha mlaze chali. Usimwinue kichwa kwa mto. Kidevu kinashukia kifuani na njia ya hewa inajikunja.

Sasa kile kitanda cha mtumba. Nakuomba ukiache, hata kama ni kizuri namna gani.

Upande unaoshuka unashikiliwa na vibanio na vipande vya plastiki vinavyoteleza kwenye reli. Vikichakaa, au kimoja kikipotea safarini, upande ule unaachia kona moja huku kona nyingine zikiwa zimeshika. Kwa mbali kitanda kinaonekana kizima, kumbe kati ya godoro na ule upande pana pengo ambalo mtoto anaweza kuteleza akabanwa kifua au shingo. Marekani walipiga marufuku kutengeneza na kuuza vitanda vya aina hii kuanzia Juni 2011, baada ya watoto kufa kwa njia hiyo hiyo. Vitanda vya mitumba pia husafirishwa vikiwa vimefunguliwa, na vinapounganishwa upya, skrubu zilizopotea huzibwa kwa misumari. Ile mito ya kuzungushia pembeni nayo inarudi kwenye jambo la pumzi nililokueleza: ni sponji iliyowekwa usawa wa uso wa mtoto. Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku uuzaji wake mwaka 2022. Wazazi huiweka wakihofia mtoto kugonga kichwa kwenye fito, na kweli anaweza kugonga akalia. Lakini mchanga wa miezi miwili hana nguvu ya kujiumiza pale.

Kwa hiyo fedha zako mimi ningezipeleka kwa fundi wa Majengo, ila kwa masharti ambayo lazima umwambie kabla ya kutoa advansi.

Anza na godoro, tena ulinunue kabla ya kitanda. Tafuta la futi 2 kwa 4, unene wa inchi 4 unatosha, gumu. Libonyeze katikati kwa kiganja kisha uachie. Likirudi mara moja bila kuacha alama ya mkono, ni zuri. Likikumbatia mkono wako, litakumbatia na uso wa mtoto. Mpelekee fundi godoro lenyewe apime kitanda kutokana nalo, maana vipimo vya kuambiana kwa simu ndivyo vinavyoleta mapengo. Godoro likishaingia, kati yake na ubavu wa kitanda visipite vidole viwili.

Fito za pembeni zisiachane zaidi ya sentimita 6, yaani inchi 2 na robo na kidogo. Kipimo rahisi ni kopo la soda la kawaida, lile nene: likipita kati ya fito, mwili wa mtoto unaweza kupita pia, na kichwa ndicho kitakachokwama. Toka kwenye chaga mpaka juu ya ukingo, chaga zikiwa nafasi ya chini kabisa, kuwe na inchi 26. Mwambie atoboe matundu ya chaga sehemu mbili, juu na chini. Miezi ya mwanzo unaweza kutumia ya juu ili usiinamie sana baada ya kujifungua, hasa ukifanyiwa upasuaji, na mtoto akianza tu kujikokota kukaa unazishusha. Nguzo za kona zikatwe zilingane na ukingo. Mafundi wetu wanapenda kuweka vichwa vya kuchonga pale juu, vinapendeza, lakini nguo ya mtoto anayesimama inaweza kunasa ikamkaba.

Kuhusu mbao zenyewe naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo Dodoma inapotofautiana na Dar au popote penye unyevu. Hapa mvua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, kisha miezi mingi ya ukavu na upepo. Ubao uliokatwa ukiwa mbichi unaendelea kupoteza maji ukiwa tayari ni kitanda, na unapokauka unasinyaa kwa upana wake. Fito iliyobana vizuri Machi, Septemba inacheza kwenye tundu lake. Mtoto akiishika akaizungusha, inatoka. Sasa muulize fundi mbao zimekaa kwake muda gani, na uziangalie: iliyokauka ni nyepesi kuliko mbichi ya ukubwa ule ule, na ukiishika haina ubaridi wa unyevu. Fito zichomekwe kwenye matundu na kutiwa gundi, zisipigiliwe msumari kwa nje. Kona zifungwe kwa boliti na nati, ili kila baada ya miezi michache baba mtoto akaze kwa spana. Mninga ndiyo mbao isiyosumbua kwa kusinyaa, mafundi wanaujua kwa sifa hiyo, ila bei yake ni nyingine kabisa. Paini inafaa ikiwa imekauka, na kwa bajeti yenu ningechukua hiyo.

Lakini si paini yoyote. Mbao nyingi zinazotoka mashamba ya Mafinga huuzwa zikiwa zimetiwa dawa kwa ajili ya kuezekea, na utaziona zina rangi ya kijani kijani. Dawa hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Juu ya dari inafanya kazi yake nzuri ya kuzuia mchwa, lakini mtoto anayeota meno atatafuna ukingo wa kitanda, hilo halina mjadala, kila mtoto hufanya hivyo. Sema wazi: mbao isiyotiwa dawa. Wala asipake oili chafu miguuni kwa ajili ya mchwa, kama wengine wanavyofanya. Ukiuona udongo wa mchwa, ukwangue na usogeze kitanda mbali na ukuta. Kumalizia, vanishi safi inatosha. Akitaka rangi, kopo liwe limeandikwa kwamba haina madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Vanishi ikishapakwa, kitanda kikae penye hewa wiki mbili au tatu mpaka harufu iishe. Hapo naona njia ya kupatana na mama mkwe bila ugomvi. Agiza sasa, kikaukie kwa fundi kikiwa kimefunikwa shuka kuukuu kwa ajili ya vumbi, na mume akichukue siku mtoto akizaliwa. Hakitakuwa kimeingia ndani kabla ya mtoto. Sioni sababu ya kumshinda mama katika jambo ambalo halimgharimu mtu kitu, na heshima hiyo utaihitaji miezi ijayo atakapokuja kukuuguza.

Chandarua usikinunue kabla hujaulizia kliniki. Mjamzito hupewa chenye dawa anapoanza mahudhurio, na mtoto hupata chake kwenye chanjo ya surua. Dodoma malaria ni kidogo ukilinganisha na Kigoma au Geita, lakini kidogo si sifuri, na Ilazo watu wanasafiri kila wiki. Kitundikwe darini kwa ndoano imara, kivutwe kisininginie mpaka mtoto akifikie, kichomekwe chini ya godoro. Vile vya mwavuli vidogo vinafaa mchana mtoto akiwa kwenye mkeka mbele ya macho yako. Vingi havina dawa, na mtoto akianza kupinduka anavipindua navyo.

Kitanda kisikae chini ya dirisha. Upepo wa Juni na Julai hapa unaleta baridi na vumbi usiku kucha, na kamba za pazia ni hatari kwa shingo. Kisikae pia penye waya wa ekstensheni. Na kwenye baridi hiyo usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani, hata dakika kumi za kupasha joto. Moshi usioonekana wa mkaa unaua watoto na wakubwa. Mvalishe nguo za kutosha, kisha gusa kifua au shingo yake kwa nyuma. Pakiwa na joto la kawaida inatosha, hata kama vidole vyake ni vya baridi. Pakiwa na jasho, mpunguzie.

Yaliyobaki kwenye ile seti nitayapitia haraka. Meza ya kubadilishia nepi usinunue. Watoto huanguka kutoka mezani siku mama alipogeuka kuchukua pampasi, na huwezi kujua ni siku gani atajifunza kupinduka. Tandika mkeka sakafuni, juu yake mpira na kanga, na vifaa vyote viwe kwenye beseni pembeni yako. Magoti yakikuuma baada ya kujifungua, tumia katikati ya kitanda chenu, mkono mmoja ukiwa juu ya mtoto muda wote.

Kabati la droo ni kitu kizuri Dodoma kwa sababu vumbi linaingia kila mahali, lakini kwa miezi ya mwanzo ndoo mbili tatu za plastiki zenye mifuniko zinahifadhi nguo za mtoto vizuri. Siku ukinunua kabati, lifungwe ukutani kwa vyuma vya kona na skrubu kabla hajaanza kusimama. Mtoto hufungua droo akazipanda kama ngazi, na kabati zima linamwangukia. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA ilitangaza kurudisha makabati ya droo milioni 29 huko Marekani baada ya watoto kufa hivyo. Kabati la fundi wetu la mninga ni zito kuliko hayo.

Kiti cha kubembea hakina ulazima. Kiti chochote chenye mgongo na mikono, miguu yako ikifika chini, kinafaa kunyonyeshea. Ila sofa usiku, hapana. Mama aliyechoka anasinzia, mtoto anateleza kati ya mwili wake na mito. Kulala na mtoto kwenye sofa ni hatari kuliko kulala naye kitandani, kwa mbali. Na kama ndugu watataka kuwazawadia kile kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea, waombe wakuletee mkeka mkubwa badala yake. Canada imevipiga marufuku tangu 2004. Mtoto akiwa ndani yake anakimbia kuelekea jikoni au kwenye ngazi kuliko unavyoweza kumwahi, na havimfundishi kutembea.

Nirudi kwa mama mkwe na kulala na mtoto. Akina mama wengi Tanzania hulala na watoto wao, na kunyonyesha kwenyewe kunapunguza vifo vya ghafla, kwa hiyo sitakutisha. Ninachotofautiana naye ni kwamba si kila kitanda na si kila usiku. Kitanda chako kikiwa na godoro laini, mito minne, duveti na mume aliyelala upande wa pili, ni mahali pabaya kwa mchanga. Na msilale naye kabisa iwapo mmoja wenu amekunywa pombe, anavuta sigara au amemeza dawa inayoleta usingizi, au mtoto alizaliwa njiti au na uzito mdogo. Najua pia kwamba saa tisa usiku utasinzia unaponyonyesha, hata kama umeapa. Basi nyonyesha kitandani na si kwenye sofa, mito ikiwa imeondolewa, mtoto akiwa upande wako na si katikati yenu, mbali na ukingo na ukuta, na ukizinduka umrudishe kwenye kitanda chake. Kitanda hicho kikiwa hatua moja kutoka kwako utamrudisha. Kikiwa chumba cha pili hutainuka.

Pesa nazo: godoro, kitanda, kisha hesabu kilichobaki na ukifungie. Kiwe nauli ya usiku wa manane kwenda hospitali na cha dharura baada ya hapo. Samani nyingine mtainunua mtoto akiwa na miezi 6 au zaidi, mkishajua mnaishije naye.

Fundi akimaliza, usichukue kitanda kwa kuona picha. Nenda au mtume mume na kopo la soda, na atikise kila fito kwa nguvu zake zote.

Kwa upande wa mtoto mwenyewe, yapo ambayo kitanda hakitayatatua na maandishi yangu hayatoshi. Akizaliwa chini ya kilo 2.5 au kabla ya wiki 37, wauguzi watakufundisha kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, na mpango wa wapi atalala uupange nao kabla ya kuruhusiwa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, iwe ile ya rufaa ya mkoa, Benjamin Mkapa au iliyo karibu zaidi, akipumua kwa kasi au kifua kikibonyea, midomo ikiwa ya bluu, akigoma kunyonya, akilegea usivyomzoea, akipata degedege, joto likipanda au mwili ukiwa wa baridi hata baada ya kumfunika. Akianguka kutoka popote na akatapika au kusinzia isivyo kawaida, ni vivyo hivyo, usisubiri kuche. Na wewe mwenyewe, wiki kadhaa zikipita hulali hata mtoto anapolala, unalia kila siku au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, mwambie muuguzi wa kliniki waziwazi siku hiyo hiyo. Tunayasikia mara nyingi, na tunajua pa kuanzia.